Taa ya Kukagulia Noti

Shangazi Sikudhani, dukani kwake Mtaa wa Narung'ombe,
haiamini noti kwa kuishika.
Elfu kumi yako ataipokea kwa tabasamu,
ataishusha chini ya kaunta,
atabonyeza kijitaa cha zambarau:
alama ikiwaka, karibu mteja.
Isipowaka anakurudishia bila neno
na kitenge anakikunja upya.

Mwezi wa nne alikuta kitu titi la kushoto,
kigumu, kama gololi iliyoshonewa ndani ya pindo.
Hata yeye mwenye jina lile hakudhani.
Hakumwambia mtu. Alimaliza kwanza hesabu za sikukuu.

Mimi kazi yangu, kule Mlimani, ni kupika maganda.
Maganda ya machungwa ya Muheza, ninayopewa bure
na muuza juisi wa Mwenge anayedhani nafuga mbuzi.
Nayakausha, nayasaga, nayatia maji,
nayafungia ndani ya chungu cha chuma
nyuzi mia na themanini, asubuhi mpaka adhuhuri.
Kinachotoka ni maji ya kahawia,
chai ya mkandaa iliyopoa.
Humo mna chembe za kaboni. Usizitafute kwa macho:
unywele wako mmoja uupasue mara elfu kumi,
hapo ndipo utaanza kukaribia.

Jumapili nilimpelekea kichupa.
Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima,
jenereta la jirani linakohoa.
"Lete kijitaa chako," nikamwambia.
Akamulika.
Chai ikawaka bluu,
bluu ya moto wa gesi kabla sufuria haijatua,
ikampanda mikononi, kidevuni, kwenye miwani.
Akanyamaza, yeye aliyezoea kutaja bei.

Nikamweleza. Chembe tunazivika asidi ya foliki,
ile ile ya vidonge vya wajawazito;
seli za saratani zina uroho wa asidi hiyo, zinaibugia,
na chembe inaingia nayo, imejishika upindoni.
Kisha unamulika,
na mwizi anang'azwa na alichokila.

"Kumbe ni noti bandia," akasema.
"Karatasi ile ile, rangi ile ile, sura ile ile,
ila imejichapa yenyewe, haina benki."
Miaka sita nasoma vitabu vya watu,
hakuna aliyenieleza vizuri hivyo.

Akafungua kifungo cha kwanza.
"Basi nimulike."

Shangazi, bado.
Tumefika kwa panya. Kumi na wawili, weupe.
Na bluu haivuki nyama: weka tochi nyuma ya kiganja,
kinachopenya ni wekundu tu.
Tunatafuta chembe itakayowaka nyekundu.
Kisha ini, kisha figo, tujue haiachi sumu.
Kisha vibali.
Kisha miaka.

Akafunga kifungo.
"Panya kanitangulia foleni," akasema, akacheka,
akacheka peke yake.

Alhamisi, Muhimbili, Daktari Kokushubila
alikata kwa jicho na kwa ncha ya kidole,
akaongeza ukingo kuzunguka uvimbe,
nyama nzima, isiyo na kosa,
maana asiyeuona mpaka hulima hadi shamba la jirani.
"Ningejua tu unapoishia," aliniambia akivua glavu,
wala hakumalizia.

Sasa shangazi amerudi dukani,
blauzi kaijaza pamba upande mmoja, anasubiri tarehe ya mionzi.
Kichupa hajanirudishia. Kipo kando ya kikokotoo.
Noti ya mashaka ikija
hukimulika kichupa kwanza, aone kama taa ni nzima,
ndipo humulika pesa.

Jana kanipigia.
"Wewe. Nyekundu imefika?"
Nikasema tumefika rangi ya chungwa.
"Chungwa," akarudia,
kama mtu anayehesabu malipo ya nusu.
Nikasikia droo ikivutwa, kurasa zikifunuliwa.
"Haya. Iliyobaki nakuandikia kwenye daftari."